Presha Ukiipima Ndiyo Inapanda

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Muheza, na kwa miaka mingi alikuwa na nadharia yake kuhusu shinikizo la damu: presha ukiipima ndiyo inapanda, usipoigusa inatulia zake. Nilipokuwa daktari katika hospitali ya wilaya nilikutana na akina baba wa namna yake kila siku ya kliniki. Mtu amekuja na kidonda cha mguu, ukitaka kumfunga mkanda wa kipimo anaficha mkono. "Dokta, mimi nimekuja na mguu." Wengine niliwacheka, wengine niliwafokea. Sikujua kwamba nikiwa na miaka 36, huko Columbus, jimbo la Ohio, nami nitakuja kuficha mkono mwaka mzima, na kwamba kuuficha kutanigharimu karibu dola 1,000 za ada, mbali na aibu.

Nazungumzia mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani, USMLE, sehemu yake ya kwanza inayoitwa Step 1. Niliufanya mwaka 2022 nikafeli. Niliurudia 2023 nikafaulu. Watu huniuliza kilichobadilika ni nini, nami nimekuwa nikitoa jibu fupi kwa sababu lile refu linaniumbua. Leo acha niumbuke.

Kwa asiyeujua, nilipoufanya ulikuwa mtihani wa siku nzima mbele ya kompyuta, wa muda wa saa 8, maswali yasiyozidi 280 yaliyogawanywa katika vipindi 7 vya saa moja moja. Maswali 40 kwa dakika 60: dakika moja na nusu kwa swali. Na swali lenyewe ni kisa kizima cha mgonjwa, chenye umri wake, kazi yake, dawa anazomeza, majibu ya maabara, pengine na picha ya hadubini, halafu mwishoni unaulizwa kitu ambacho kwenye kisa hakimo. Daktari aliyesoma nje ya Marekani na Kanada haingii kwenye mafunzo ya ubingwa kule bila cheti cha ECFMG, taasisi inayohakiki madaktari waliosoma nje, na cheti hicho hakipatikani bila kufaulu Step 1 na Step 2. Ukifeli, rekodi inabaki. Kila atakayefikiria kukuchukua ataiona. Majaribio ni 4 kwa kila hatua. Zamani yalikuwa 6.

Nilifika Marekani 2018 kwa bahati nasibu ya viza, na mke na mtoto mmoja. Wabongo tuna neno letu la kazi za ughaibuni, kubeba boksi. Boksi langu mimi lilikuwa wazee. Nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku, kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi: kugeuza, kuogesha, kubadilisha nepi. Baba akipiga simu, "Shikamoo baba" yangu ilijibiwa, "Marahaba, Daktari." Hakuwahi kuniita jina tangu nihitimu 2011. Nilikuwa naipokea salamu hiyo nikiwa kwenye basi, mikono inanuka dawa ya kusafishia vyoo.

Chuoni sikuwahi kupata sapu, yaani mtihani wa kurudia, hata moja. Sijisifu, nasema kwa sababu ndiyo iliyonimaliza. Tafiti nyingi za Marekani zimeonyesha kwamba mwanafunzi aliyefanya vizuri katika masomo ya awali ya udaktari ndiye hufanya vizuri Step 1, nami niliposoma hilo nikajipa ushindi mapema. Nilisahau kwamba alama zangu za baiokemia zilikuwa za mwaka 2007. Juu yake nilikuwa nimerundika miaka sita ya malaria kali, operesheni za uzazi saa 9 usiku na fomu za kuagiza dawa, kisha miaka minne ya nepi. Baiokemia ilikuwepo bado, ila kama vyombo vya harusi vilivyofungwa juu ya kabati: najua ninavyo, sijui viko kwenye boksi gani.

Halafu nilisoma kama nilivyosoma chuoni. Tuliosoma Tanzania enzi zile tunaujua msuli: desa mezani, chai ya rangi kwenye chupa, unalipitia desa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka unaona ukurasa ukifumba macho. Mitihani yetu ililipa usomaji huo. Ilikuwa na maswali ya kueleza, ambapo aliyekariri vichwa vya habari kwa mpangilio haachwi mikono mitupu. Ilikuwa na yale ya kweli-au-si-kweli, ambayo ukikosa unakatwa alama, kwa hiyo tulifundishwa kunyamaza pale tusipokuwa na uhakika. (Tabia hiyo ya kunyamaza niliibeba hadi Ohio. Step 1 haikati alama kwa jibu la kukosea, na mimi bado nilikuwa naacha maswali ya mazoezi wazi, kwa woga wa 2008.) Basi nikanunua kitabu kikubwa, kalamu za rangi tatu, nikakipitia mara nne. Video nilizitazama kwa kasi ya mara mbili nikila chakula cha mchana. Ilikuwa raha. Kila ukurasa nilikuwa naukuta nikasema, aah, hili nalijua.

Baadaye sana ndipo niliposoma kuhusu jaribio la Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa St. Louis, la mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja likakirudia kukisoma, jingine likafunika karatasi na kuandika linachokikumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja mambo yakapinduka: waliojiuliza walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Na katika jaribio lao jingine, waliorudia kusoma ndio waliokuwa wamejiamini zaidi. Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma nimesimama jikoni, nikakaa chini.

Sasa nije kwenye mkono niliouficha. Bodi inayotengeneza mtihani huu, NBME, inauza mitihani ya majaribio. Ukimaliza unapewa asilimia, pamoja na makadirio ya uwezekano wako wa kufaulu endapo ungeingia ndani ya wiki moja. Kwa mizani ya wakati ule, 62 hadi 68 lilikuwa eneo la mpakani. Chini yake hujafika. Nilinunua miwili. Wa kwanza nilifanya Novemba 2021, nimekaa mezani nyumbani, na katikati nikausimamisha nikaenda kumchukua mtoto shule, nikarudi, nikachungulia kitabu maswali mawili matatu "ili nisisahau". Nilipata 55. Nikajieleza: nilikuwa nimetoka zamu, mtoto alinikatiza, ni Novemba tu bado. Wa pili sikuufungua. Nilisema nautunza. Ulitunzika hadi leseni yake ikaisha muda kwenye kompyuta.

Kulikuwa na kisingizio kingine, na hiki kiliwaponza wengi, si mimi peke yangu. Tangu tarehe 26 Januari 2022 Step 1 iliacha kutoa alama. Unaambiwa umefaulu au umefeli, basi. Mitaani ikatafsiriwa kwamba mtihani umelegezwa. Kumbe mwezi huohuo kiwango cha kufaulu kilipandishwa kutoka 194 hadi 196, kwa mizani ya alama zilezile ambazo hatuonyeshwi tena. Mimi niliyekuwa na mpango wa kuingia Desemba nikaahirisha, nikapumua, nikasema sasa hakuna haja ya kujiua. Nikaweka Mei.

Siku ya mtihani mwili wangu ulikuwa na saa yake. Nilikuwa nimeomba ruhusa usiku mbili tu. Mtu aliyezoea kulala saa 2 asubuhi na kuamka saa 8 mchana, unamkalisha kwenye kiti saa 2 asubuhi, unamwambia afikiri. Pale mlangoni unageuza mifuko nje, unakunja mikono ya shati, unapitishiwa kifaa cha kugundua chuma, kama mtu anayeingia kumtembelea mfungwa. Kipindi cha kwanza na cha pili nilikwenda. Mchana nikala wali na kuku niliofungiwa na mke wangu, kwa mapenzi yake yote, na kuanzia hapo sikumbuki vizuri. Muda wa mapumziko ulikuwa dakika 45 kwa siku nzima na nilizimaliza mapema. Katika kipindi cha tano nilisoma kisa kimoja mara tatu, na kila nilipofika mwisho nilikuwa nimesahau mgonjwa ni mwanamke au mwanamume. Kila kipindi kilinikuta na maswali matano au sita sijayagusa, na saa inahesabu sekunde.

Majibu hutoka Jumatano. Sitaki kuielezea Jumatano ile. Mke wangu alisema, "Pole, baba Nuru," akaenda kazini, kwa sababu mmoja wetu lazima angekwenda.

Miezi mitatu sikumwambia baba. "Marahaba, Daktari," na mimi nanyamaza.

Aliyenitoa humo ni Mkongo mmoja, daktari wa Bukavu, aliyekuwa akifanya kazi ghalani, kupanga mizigo kwenye rafu. Tulikutana kwenye arusi. Alikuwa amefaulu Step 1 mara ya kwanza, na mimi kimoyomoyo niliona si haki: yeye udaktari wote alisomea kwa Kifaransa, Kiingereza alikikuta ukubwani, mimi nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Nilimsimulia yaliyonikuta kwa mbwembwe, nikitaja ubaguzi wa mfumo, zamu za usiku, kiwango kupandishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja: kabla ya kuingia, namba yangu ya mwisho ilikuwa ngapi?

Nikasema 55.

"Na ukaenda?"

Hakusema kwa dharau. Alishangaa kweli, kama mimi nilivyokuwa nikishangaa mtu mwenye 200 kwa 120 anayesema haumwi na kitu.

Alichonieleza kuhusu lugha kimenikaa kichwani hadi leo. Kwa kuwa alijua Kiingereza chake ni kibovu, hakukiamini hata sentensi moja. Kila kisa alikuwa anaanzia mstari wa mwisho, ule wa swali, kisha anapanda juu kutafuta kinachohitajika. Mimi kwa kujua Kiingereza nilisoma kama mtu anayesoma barua, kutoka juu kwenda chini, kwa starehe. Na Kiingereza changu chenyewe kilikuwa cha Tanzania, kilichotoka Uingereza. Panadol ya kwetu ni paracetamol. Kwao ni asetaminofeni. Salbutamol ya pumu kwao ni albuteroli, adrenalini ni epinefrini, glibenklamaidi ya sukari ni gliburaidi. Sukari ya damu wanaipima kwa vizio vingine: 126 yao ndiyo 7 yetu. Haya si magumu. Ila kila moja linakula sekunde tatu nne za kutafsiri, na wewe una 90.

Kuna na jiografia. Mwanafunzi wa Marekani akisoma kwamba mgonjwa ametoka Arizona na kifua kinambana, kabla hajamaliza mstari ameshawaza fangasi wa vumbi la jangwani. Kupe na msitu wa kaskazini-mashariki ni ugonjwa wa Lyme. Mtu aliyeingia pango lenye popo katika bonde la mto Ohio ni fangasi aitwaye histoplazma, na mimi naishi Ohio hapohapo nilikuwa sijui. Mtoto wa nimonia za kila mara, na kinyesi cha mafuta, ni ugonjwa wa kurithi ambao kazini kwangu Tanzania sikuwahi kuukuta, na kwao ni wa ukurasa wa kwanza. Kwa upande wetu mtoto kama huyo ungeanza kumfikiria kifua kikuu, virusi, utapiamlo, na ungekuwa na haki. Kwa daktari wa kweli, ugonjwa unaoonekana sana ndio wa kuufikiria kwanza. Nilikuwa naujibu mtihani wa Ohio kwa macho ya Tanga.

Hata nilipojua, nilijua kwa namna isiyoulizwa. Maswali ya mtihani wenyewe hairuhusiwi kuyasimulia, kwa hiyo nitoe mfano wa mazoezini. Mtoto wa miaka 6, Afrika Mashariki, taya limevimba. Nani kati ya Wamarekani ameuona uvimbe wa saratani wa Burkitt kwa macho? Mimi nimeuona, nimemshika mama wa mtoto mkono, nimeandika rufaa. Denis Burkitt mwenyewe aliuelezea mwaka 1958 akifanya kazi Kampala. Ni ugonjwa wetu. Swali halikuuliza ni ugonjwa gani. Liliuliza ni jeni gani iliyohamishwa na imekwenda wapi. Kromosomu ya 8 na ya 14, jeni iitwayo MYC. Kijana wa miaka 24 ambaye hajawahi kuona taya lile alijibu kwa sekunde kumi, na mimi nilibaki na uso wa yule mtoto.

Na maadili. Mgonjwa ana saratani, binti yake mkubwa anakuvuta pembeni: daktari, tafadhali usimwambie mama, atakufa kwa mawazo. Kwetu ungekaa na familia. Ungemtafuta mjomba. Ungesubiri siku ambayo mama mwenyewe ana nguvu. Mtihani unataka umuulize binti hofu yake ni nini, lakini habari ni ya mgonjwa, na akitaka kuijua anaambiwa. Nilikosa maswali ya namna hii mengi kuliko ya figo. Siamini hata sasa kwamba njia yetu ni mbaya kila mara, ila nilijifunza kuiacha mlangoni pamoja na simu na saa ya mkononi.

Takwimu zinazotangazwa hadharani zinaonyesha pengo hili. Mwaka 2022, kati ya waliofanya Step 1 kwa mara ya kwanza, asilimia 93 ya wanafunzi wa shahada ya udaktari ya MD wa Marekani na Kanada walifaulu. Waliosoma nje, asilimia 74. Mwaka mmoja kabla ilikuwa 96 kwa 82. Nilipoziona namba hizo zilinifariji siku mbili: kumbe si mimi, ni mfumo. Siku ya tatu nikazisoma upya. Asilimia 74 si watu wachache. Karibu watatu katika kila wanne waliosoma nje kama mimi walipita, wakiwa na panadol yao na sukari yao ya 7.

Lakini kuna jambo ambalo sitaki mtu anipokonye: muda. Mwanafunzi wa Marekani, chuo chake humtengea wiki kadhaa, mara nyingi nne hadi nane, za kusoma mtihani huu tu. Anaishi kwa mkopo, halipwi wala hatumwi. Siku moja nilikaa nikahesabu saa zangu za wiki, kwa ukweli, bila kuhesabu zile za kusinzia juu ya kitabu. Zilikuwa 14, na hazikuwa za mfululizo: dakika 40 hapa, saa moja na robo pale, zote zikiwa baada ya usiku wa kazi. Wanaosema mtihani hupima akili hawajawahi kumgeuza mzee wa kilo 110 saa 10 alfajiri kisha wakafungua ukurasa wa mzunguko wa urea. Pesa ni muda, muda ni usingizi, na usingizi ndiko kumbukumbu inakojengwa. Mnyororo huo nilikuwa nikiwafundisha wauguzi wanafunzi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilofanya mwaka wa pili halikuwa la vitabu kabisa. Mke wangu aliongeza zamu, mimi nikapunguza kutoka usiku tano hadi tatu, na miezi miwili ya mwisho nikahamia mchana kwa mshahara mdogo zaidi. Gari likauzwa. Nyumbani tulipunguza tulichokuwa tunatuma, na hapo ndipo ilipobidi nimweleze baba kwa nini.

Alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza kama mwalimu: walikupa mazoezi kabla ya mtihani? Nikasema yalikuwepo. Ukafanya? Nikasema moja, na nikachungulia.

"Ukaogopa kujua."

"Ndiyo, baba."

"Hata mimi," akasema.

Sikumwelewa mara moja. Kisha akaniambia kwamba ana kizunguzungu tangu Ramadhani na zahanati iko dakika kumi kwa bodaboda na hajakwenda. Tukawekeana mkataba palepale. Kila Jumamosi ya nne mimi nitafanya jaribio, saa ikiwa inatembea, mlango umefungwa, kitabu kiko chumba kingine. Siku hiyohiyo yeye atapima. Tutapigiana simu tutajiane namba, bila maelezo. Hilo la bila maelezo alilisisitiza yeye. Miaka 34 ya kusahihisha madaftari ilimfundisha kwamba mwanafunzi mwenye maelezo mengi ana sifuri.

Namba yangu ya kwanza ilikuwa 52. Mwaka mzima wa kalamu tatu za rangi, na nilikuwa nimeshuka. Yake ilikuwa 172 kwa 104. Alisomewa na muuguzi, akainakili kwenye daftari la mistari kwa wino mwekundu.

Tuliyobaki nayo sasa ilikuwa kazi ya kawaida. Yeye alianza dawa, na kuzimeza, mambo ambayo ni mawili tofauti. Mimi nilibadilisha usomaji wote: maswali 40 kila siku kwa saa moja, kabla ya kusoma chochote, kisha saa mbili za kuyachambua. Kadi za kurudiarudia kwenye simu, kwenye basi. Kwenye daftari sikuandika jibu sahihi. Niliandika kwa nini nimekosa. Katika maswali 200 ya kwanza niliyokosa, 71 nilikuwa ninaujua ugonjwa vizuri. Nilikuwa nimeruka neno moja la swali, au nimechagua jibu sahihi kisha nikalibadilisha dakika ya mwisho, au nimemtibu mgonjwa wakati naulizwa jeni. Kupunguza hayo hakukuhitaji akili mpya. Mkongo wangu alikuja Jumapili tukawa tunasomeana visa kwa sauti, yeye akinisimamisha kila nilipokimbia. "Pole pole, docta. Wanauliza nini?" Tulikuwa tunafanya diskasheni kwa Kiswahili cha namna mbili, cha Tanga na cha Kivu, na mtoto wangu akidhani tunagombana.

Nilipofika 61 nilitaka kuingia. Nilikuwa nimechoka, na pesa zilikuwa zimekwisha. Nikampigia baba nikaanza kueleza. Akanikata: "Namba." Nikasema 61. "Ya kutosha?" Nikasema bado kidogo. Akasema yake ni 150 kwa 92, na mhudumu amemwambia nayo bado kidogo, na dawa ameongezewa, na yeye hajamwambia mhudumu kwamba amechoka. Nikangoja. Iliyofuata ilikuwa 66, na ya mwisho 71.

Siku ya mtihani wa pili sina mengi. Nilikuwa nimelala usiku kama binadamu wengine kwa wiki sita. Nilikula mayai, ndizi, karanga. Wali ulibaki nyumbani. Nilipumzika dakika chache baada ya karibu kila kipindi, hata pale nilipojiona sijachoka. Maswali yaliyonishinda niliyachagulia herufi nikasonga mbele. Katika kipindi cha sita nilianza kusahau kama mgonjwa ni mwanamke au mwanamume, nikafumba macho, nikahesabu pumzi kumi, nikaanzia mstari wa mwisho.

Jumatano ilipofika nilikuwa kazini. Niliisoma ndani ya stoo ya mashuka. Kwa Muheza ilikuwa jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Namba?"

"Siku hizi hawatoi namba, baba. Wanasema tu umefaulu."

Akatulia kidogo.

"Umefaulu bila namba," akasema, akilipima neno kama analisahihisha. Nikasikia daftari likifunguliwa. "Haya. Mimi ninayo. 138 kwa 84."

"Umepima lini?"

"Nimepima asubuhi. Nikapima na saa hizi, simu ilipoita."